Kabati la mbao za Kotile: namna ya kulitengeneza kwa zana za mkono, bila gundi

Maji ya Mto Tana yakiingia nyumbani, kabati la chipbodi lililonunuliwa dukani huharibika upesi. Chipbodi ni vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Ikilowa hufura, gundi huachia, na skrubu za bawaba hukosa pa kushika. Ndani ya kabati hilo ndimo familia huweka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto, vitabu vya shule na Msahafu. Wakazi wa Kotile na vijiji vingine vya kaunti ndogo ya Ijara vilivyo karibu na mto wanaifahamu hasara hii. Mafuriko ya 1997, 2018, 2023 na 2024 bado yanasimuliwa.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza kabati la aina nyingine: la mbao halisi kutoka miti inayomea papa hapa, lililoungwa kwa ulimi na vigingi vya mti, na linaloweza kubomolewa vipande vipande likabebwa. Halihitaji umeme wala gundi. Wazo la samani inayobomolewa si geni kwetu. Herio, nyumba ya fito na mikeka ambayo akina mama wa Kisomali wameijenga na kuibomoa kwa vizazi vingi, hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia asubuhi moja. Ni kweli kwamba ndani ya herio hapakuwa na kabati, vyombo vilitundikwa. Kabati limekuja na maisha ya kukaa mahali pamoja, na hata jina lake tumelichukua kutoka Kiingereza, kama vile majirani zetu wa Lamu na Pwani walivyopata kasha na almari kupitia biashara ya bahari. Hata hivyo hakuna sababu kabati lisiige adabu ya herio, yaani kuwa tayari kuhama maji yanapokuja.

Miti miwili inayofaa

Mti wa kwanza ni mathenge. Wakazi wengi wanauchukia, na wana haki. Uliletwa nchini kuzuia jangwa na kutoa kuni, kisha ukavamia malisho, njia na kingo za mifereji, na mwaka wa 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Miiba yake hutoboa tairi na kusababisha vidonda visivyopona haraka. Lakini ukiupasua mti mnene, ndani utaona kiini cha rangi ya hudhurungi iliyoiva, kizito na kigumu, ambacho mchwa hawakipendi. Jambo muhimu zaidi kwa seremala ni kwamba mbao za kiini hicho hazisinyai wala kufura sana hali ya hewa inapobadilika, sifa ambayo miti mingi ya bei ghali haina. Kasoro yake ni umbo: shina ni fupi na limepinda, hivyo ni vigumu kupata kipande kilichonyooka kinachozidi mita moja. Kwa sababu hiyo mathenge tutautumia kwa vipande vifupi.

Sehemu ya nje ya mathenge, ile ya rangi ya manjano hafifu, haifai. Wadudu huitoboa na kuacha unga sakafuni baada ya miezi michache. Ichonge yote uitupe motoni.

Mti wa pili ni mwarobaini. Karibu kila boma lina mmoja, na wengi wetu tunaufahamu kwa majani yake machungu kuliko kwa mbao zake. Mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mahogani. Kiini chake ni chekundu, kina harufu, na mchwa hukiepuka. Shina lake hunyooka kuliko la mathenge, kwa hiyo ndilo litakalotoa nguzo ndefu na mbao pana za kuta. Usitarajie uso laini unaong'aa. Nyuzi zake ni za mikwaruzo na hupishana, na randa butu itazing'oa badala ya kuzikata. Wachongaji wa vinyago wa Pwani walianza kuutumia mti huu miti migumu ya msituni ilipoadimika, na vinyago vyao vimeuzwa hadi ng'ambo.

Mbao zisizopaswa kutumika ni za msitu wa kando ya mto. Mikuyu na miti mingine mikubwa ya ukingoni ndiyo inayoshika udongo usimomonywe na Tana. Msitu huo, katika sehemu zake za kusini, ndiyo makao pekee duniani ya mbega mwekundu wa Mto Tana na ya nyani mdogo aitwaye mangabei wa Tana. Hifadhi yao ilitangazwa mwaka wa 1976. Mtu akikata mkuyu ili aokoe hati zake kutokana na mafuriko, atakuwa amerahisishia maji njia ya kuja nyumbani.

Kabla ya kushika shoka

Sehemu kubwa ya ardhi katika Kaunti ya Garissa ni ardhi ya jamii. Chini ya Katiba, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza namna ya kuisajili na kuisimamia. Maana yake kwa seremala ni kwamba mti uliomea malishoni una mwenyewe, hata kama mwenyewe ni sote. Zungumza na wazee na ofisi ya chifu kwanza. Mti ulio ndani ya boma lako ni wako, lakini mbao zinaposafirishwa barabarani kutoka sehemu moja hadi nyingine unahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) chini ya sheria ya misitu ya 2016. Msumeno wa injini nao una masharti yake. Ulizia kibali kabla ya kukata, kwa sababu lori likishazuiliwa kizuizini maelezo huwa marefu.

Kuhusu mathenge, wakazi wanaombwa wakumbuke jambo moja. Ukikatwa juu ya ardhi na kuachwa, hurudi na mashina kumi mahali palipokuwa na moja. Ama chimba ukate mzizi chini ya shingo ya mti, chini ya sehemu inayochipua, ama acha shina moja lililonyooka kuliko mengine, ukate yaliyobaki, na uendelee kupogoa matawi ya chini. Njia ya pili itampa mtu mwingine mbao bora baada ya miaka kadhaa. Usibebe maganda ya mbegu pamoja na magogo. Vaa viatu vyenye soli ngumu na glavu, na mwiba ukiingia mwilini nenda zahanati.

Mwarobaini wa kivuli mlangoni usikatwe kwa ajili ya kabati. Tafuta ule unaopaswa kuondolewa, kwa mfano uliokaribia nyaya au unaosukuma ukuta, na upande mwingine badala yake.

Kukausha ndiko nusu ya kazi

Makabati mengi ya mbao yanayopinda milango hayakuharibiwa na mafuriko. Yalitengenezwa kwa mbao mbichi. Mti uliokatwa leo umejaa maji, na yanapotoka mbao husinyaa kwa upana wake, si kwa urefu wake. Ubao ukisinyaa ukiwa tayari umepigiliwa misumari pande zote mbili, hauna njia ila kupasuka.

Wakati mzuri wa kukata kwetu ni mwezi Juni, mvua za Gu zikishaisha, ili mbao zikauke katika upepo wa Hagaa kabla ya mvua za Deyr kuanza Oktoba. Pasua magogo mara moja yakiwa bado mabichi, hasa ya mathenge, kwa maana yakikauka yatamaliza meno ya msumeno wako. Pasua mbao za unene wa sentimita 3 kwa kazi ya kawaida, sentimita 1.5 kwa kuta, na vipande vya mraba wa sentimita 6 kwa nguzo. Vyote vitapungua vikikauka na vikipigwa randa.

Zipange kivulini, mahali penye upepo, juu ya mawe yaliyosawazishwa. Kati ya kila safu na safu weka vijiti vya unene mmoja kila baada ya nusu mita, kimoja juu ya kingine kwa mstari wima, kisha weka mawe mazito juu kabisa. Jua letu ni kali, na hatari yake ni kukausha ncha za mbao haraka kuliko katikati zikapasuka. Paka ncha zote rangi iliyobaki au nta siku ileile ya kupasua.

Utajuaje kuwa zimekauka? Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki na uandike. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu, mbao za unene ule ziko tayari. Nguzo zitachelewa kuliko mbao nyembamba. Wale wasio na subira huanza kazi mwezi wa kwanza, na kazi yao huonekana mwaka unaofuata.

Zana

Orodha si ndefu: msumeno wa mkono, randa, patasi ya milimita 12 na nyingine pana kidogo, nyundo ya mti, kekee au drili ya kuzungusha kwa mkono yenye keni ya milimita 6, futi, na kipimo cha pembe mraba ambacho mafundi wengi hukiita skwea. Kinoo cha kunolea ni lazima. Mathenge hufanya patasi kuwa butu haraka sana, na patasi butu ndiyo inayomkata fundi, kwa sababu huisukuma kwa nguvu nyingi mno ikateleza. Noa kila unapoona inaanza kuponda nyuzi badala ya kuzikata.

Utahitaji pia mahati, kile kifaa cha kuchora mstari ulio sambamba na ukingo wa ubao. Kama huna, pigilia msumari kwenye kijiti ncha yake ijitokeze kidogo, na kitafanya kazi ileile. Skwea nayo ikaguliwe kabla ya kuaminiwa. Pima sentimita 30 upande mmoja wa pembe na 40 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe 50 kamili. Ukipata 50 na nusu, kila kiungo cha kabati lako kitakuwa na kosa hilo.

Kiunzi

Kabati tunalolieleza lina urefu wa sentimita 160, upana wa 90 na kina cha 40. Sakafu yake iko sentimita 20 juu ya ardhi. Nafasi hiyo ya chini humwezesha mtu kufagia na kuona njia ya mchwa mapema, na hukupa muda kidogo maji yanapoanza kuingia.

Tayarisha nguzo 4 za mwarobaini, mraba wa sentimita 5 baada ya kupigwa randa. Zikate kwa urefu wa 165. Sentimita 5 za ziada juu huzuia kichwa cha nguzo kupasuka unapochimba tundu la juu, na zitakatwa mwishoni. Kisha tayarisha mbao za mlalo, zile zinazounganisha nguzo. Zote ziwe na upana wa sentimita 6 na unene wa 2.5. Kwa pande mbili unahitaji 6 zenye urefu wa 35, na hizi zote ziwe za mathenge. Kwa mbele unahitaji 2 na kwa nyuma 3, zenye urefu wa 85. Hizi zinaweza kuwa za mathenge ukipata, la sivyo za mwarobaini.

Kiungo ni cha tundu na ulimi. Mwisho wa kila ubao wa mlalo unachongwa ulimi wa urefu wa sentimita 2.5, unene wa milimita 12 na upana wa sentimita 4, nao unaingia katika tundu la kipimo hichohicho ndani ya nguzo. Ndiyo maana ubao wa mbele, ambao utaonekana kuwa na urefu wa sentimita 80 kati ya nguzo, unakatwa 85.

Hapa ndipo wanaojifunza hukwama. Kila nguzo inapokea ndimi kutoka pande mbili, mbele na ubavuni. Ukichimba matundu katikati ya nguzo yatakutana ndani, na nguzo itabaki ganda. Chora kila tundu likiwa sentimita 1 kutoka uso wa nje wa nguzo. Kwa vipimo hivi matundu mawili yatapita karibu bila kugusana. Ubao wa mlalo nao utakaa milimita chache ndani ya uso wa nguzo, jambo linaloficha kasoro ndogo za kupiga randa. Ukitazama makabati ya mafundi wa zamani utaona pengo hilohilo dogo.

Chimba tundu kwa patasi ya milimita 12 na nyundo ya mti, ukianza katikati na kuelekea ncha, ukitoa vipande kidogo kidogo. Usijaribu kufika chini kwa pigo moja. Ulimi ukatwe kwa msumeno kando ya mstari, upande wa taka, kisha usawazishwe kwa patasi pana hadi uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo. Ulimi unaohitaji kupigwa sana utapasua nguzo. Unaoingia kwa kuanguka hautashika.

Sasa kuhusu vigingi, ambavyo ndivyo vinavyochukua nafasi ya gundi. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao hulainika ikikaa majini. Kigingi cha kiini cha mathenge hakilainiki. Toboa nguzo kwa keni ya milimita 6, sentimita 1 kutoka ukingo wa ndani, moja kwa moja hadi upande wa pili, kabla ya kuingiza ulimi. Ingiza ulimi, tia keni katika tundu ili ncha yake iache alama juu ya ulimi, kisha utoe ulimi. Usitoboe kwenye alama yenyewe. Toboa milimita 1 karibu zaidi na bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia. Matundu haya mawili hayatalingana kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Kigingi kilichochongwa ncha nyembamba kikipigwa ndani kitauvuta ulimi kwa nguvu hadi bega likabane nguzo, bila jiliwa na bila skrubu.

Anza na kuta mbili za ubavuni. Kila moja ni nguzo mbili na mbao tatu za mlalo: ya chini, ya katikati na ya juu. Vigingi vya kuta hizi vikatwe viwe sawa na uso wa nguzo, kwa maana kuta hazitabomolewa. Kisha unganisha kuta hizo kwa mbao ndefu za mbele na nyuma. Vigingi vya mbao hizi ndefu viwe virefu kidogo, vichongwe vyembamba kuelekea ncha, na viachwe vikichomoza kidogo upande wa ndani wa kabati. Hivyo ndivyo vitakavyogongwa kutoka ndani kuja nje siku ya kubomoa.

Kabla ya kukaza vigingi vya mwisho, chukua kamba na upime mshazari wa mbele, kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha mshazari wa pili. Kamba ikilingana, kabati limekaa sawa. Isipolingana, sukuma pembe ndefu taratibu hadi ilingane. Milango haitajifunga vizuri kwenye kiunzi kilichoenda upande, hata ukiwa na bawaba za bei gani.

Kuta, rafu na milango

Kuta hujazwa kwa mbao za mwarobaini zenye unene wa sentimita 1. Kanuni ni moja: ubao wa ukuta usifungwe. Utafura wakati wa Deyr na kusinyaa wakati wa Jilaal, na kazi ya fremu ni kuuacha ucheze. Fundi mwenye randa ya kuchimba mfereji atachimba mfereji ndani ya nguzo na mbao za mlalo, na ubao utakaa humo ukiwa na nafasi ya milimita 3 kila upande. Asiye na randa hiyo, na wengi hatuna, atapigilia vipande vyembamba kuzunguka fremu kwa ndani, ataegemeza ubao, kisha atapigilia vipande vingine nyuma yake. Misumari ipite kwenye vipande na fremu tu, isiguse ubao. Kwa ukuta wa nyuma, vipande vya pili vifungwe kwa skrubu chache, kwa sababu vitatolewa siku ya kuhama.

Rafu ni mbao nyembamba zilizolazwa juu ya vipande vilivyopigiliwa kwenye mbao za mlalo za ubavuni, zikiachwa na mwanya wa kidole kati yao. Hazipigiliwi. Joto letu likifungiwa ndani ya kabati pamoja na nguo zisizokauka vizuri huleta ukungu, na mwanya huo husaidia hewa kupita. Rafu ya juu kabisa iwekewe ukingo mdogo mbele. Hapo ndipo pa hati na Msahafu, na hati zenyewe zitiwe kwanza ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa.

Milango miwili hutengenezwa kwa kanuni ya ukuta: fremu ya tundu na ulimi, na ubao unaocheza ndani yake. Nafasi ya mlango ni sentimita 80 kwa 128, kwa hiyo kila mlango uwe pungufu kidogo ya 40, na urefu wake pungufu kidogo ya 128. Ongeza ubao wa mlalo katikati ya kila mlango usije ukalegea. Mafundi wengine hutoboa matundu madogo ya hewa kwenye sehemu ya juu. Ni jambo zuri mradi panya hapiti. Chagua bawaba ambazo pini yake huchomoka, na kama bajeti inaruhusu usikose kitasa. Nyumba yenye watoto wadogo na dawa za mifugo inakihitaji.

Mwisho sugua kwa msasa na upake mafuta ya kitani au vanishi. Desturi ya kupaka oili chafu ya injini kuzuia mchwa ina madhara: inanuka, inachafua nguo, na haifai kukaribiana na chakula wala watoto. Kiini cha mbao hizi mbili kinajitetea chenyewe. Kinachohitajika ni kuweka kila mguu juu ya jiwe bapa na kuchungulia chini ya kabati kila mwezi. Mchwa hujenga njia ya udongo kabla ya kupanda, na njia hiyo hubomolewa kwa fimbo.

Kazi hii haimalizwi kwa siku mbili, na asiyewahi kushika patasi aanze na kigoda. Kwa vijana wanaotaka kuifanya kuwa riziki, mafunzo ya ufundi yapo katika vyuo vya ufundi, ambavyo Katiba imeviweka chini ya serikali za kaunti. Ofisi ya msimamizi wa wadi itakueleza chuo kilicho karibu na masharti ya kujiunga.

Siku ya kuhama

Tahadhari ya mafuriko ikitolewa, watu na mifugo hutangulia, na hati hutolewa na kubebwa mwilini. Kabati ni la baadaye, iwapo muda upo. Ondoa rafu. Chomoa pini za bawaba na ushushe milango. Fungua skrubu za nyuma utoe mbao za ukuta. Kisha, ukianza juu, gonga vigingi vya mbao ndefu kutoka ndani kwa nyundo na kijiti chembamba. Mbao 5 ndefu zikitoka, kinachobaki ni kuta mbili bapa ambazo watu wawili wanaweza kuzilaza juu ya mkokoteni wa punda au ndani ya mashua. Andika namba kwa penseli kwenye kila ulimi na tundu lake siku ya kwanza unapounganisha, maana ndimi hazibadilishani mahali, na vigingi vifungwe ndani ya kitambaa kimoja visipotee.

Kabati likipatwa na maji kabla ya kubomolewa, bado halijaisha. Lioshe tope kwa maji safi, fungua milango, liweke kivulini penye upepo na uliache likauke polepole kwa wiki kadhaa. Usilipeleke juani ukitaka lipone haraka. Mbao zitafura, milango itakataa kufunga, kisha kadiri zinavyokauka vitarudi. Kigingi kitakachokuwa kimelegea kivute, uchonge kingine kinene kidogo, ukipige mahali pake.